Diski Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Wapendwa wa usharika huu, leo kabla sijaligusa somo nataka nianze na kompyuta. Naam, kompyuta. Msicheke. Wenye kompyuta nyumbani mnisikilize, na msio nayo mnisikilize zaidi, maana mkishajua ninakoelekea hamtapata pa kujifichia. Habari hii nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msiulizane ni ukoo wa nani.

Kulikuwa na binti mmoja huko milimani, tumwite Nakijwa. Nasema binti, lakini ni mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, aliyerudi kwa wazazi wake kuwatunza. Baba yake alikuwa mzee wa kusimulia. Ukitaka kujua nani alimzaa nani, nani alihamia bonde lile kwa sababu ya njaa ipi, wimbo gani anaimbiwa mtoto akiota jino la kwanza, unakwenda kwa yule mzee. Akianza kusema hanyamazi. Na mkewe, mama yake Nakijwa, alikuwa na tabia ya kumkatisha kutoka jikoni. Mzee akisema, "Siku ile nilimkimbiza chui," utamsikia mama anapaza sauti, "Mwongo huyo! Alikuwa paka wa jirani!" Halafu anacheka kicheko kirefu, na mzee anakasirika, na mwishowe wote wanacheka.

Nakijwa alikuwa na akili. Akaanza kuwarekodi kwa simu. Jioni baada ya jioni, kwa miaka, simulizi na nyimbo, na baraka za mzee kwa kila mjukuu, akimtaja kwa jina lake. Simu ikijaa, anahamishia kwenye kompyuta ya mezani aliyoachiwa na marehemu mumewe, anafuta kwenye simu, anaendelea. Zote zikawa mle kwenye ile kompyuta, na hazikuwa mahali pengine popote duniani.

Mama akafariki. Haukupita muda, mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafungwa. Mtu aliyekuwa akizungumza mpaka wageni wanasinzia, sasa anatoa mlio mmoja tu ambao hata mwanawe haelewi. Akaanza kukataa chakula. Ukimpelekea kijiko anageuza uso. Nakijwa amembembeleza, amelia, amemletea kila anachokipenda, mzee hataki. Watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba mzee ameamua kumfuata mkewe.

Siku moja, kwa kukata tamaa tu, Nakijwa akawasha ile kompyuta, akaweka simulizi ya chui. Mama akasikika kutoka jikoni, "Mwongo huyo!" na kile kicheko chake. Mzee akageuka. Akaitazama ile mashine, machozi yakamlengalenga, kisha akafungua mdomo. Akalishwa akamaliza bakuli. Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yao: sauti ya mkewe inapoanza, mzee anafungua mdomo, anakula. Umeme ukikatika, hali kitu.

Sasa niwaulize vizuri, jamani. Ile ilikuwa kompyuta tu? Kama ingekuwa kwako, na uhai wa baba yako umening'inia pale, ungelala usingizi?

Nakijwa hakulala. Maana ile mashine ilikuwa imeanza kugonga. Kutoka ndani, tak, tak, tak, kisha inakwama, kisha inaendelea. Mwenye kompyuta ya zamani anaujua mlio huo, ni mlio wa kitu kinachoaga. Akaona sauti zile lazima ziwe na nakala, na haraka.

Mwalimu mwenzake akamshauri, "Zitume mtandaoni, zikae huko. Hata nyumba ikiungua, sauti zako zipo." Ushauri mzuri kabisa, kama unakaa mjini. Lakini mtandao wa bonde lile! Ukitaka kupiga simu unatoka nje, unasimama kwenye kona ya zizi, unainua mkono juu, na hapo uwe na bahati. Nakijwa akaweka bando, akaanza kupakia. Mashine ikamwambia zimebaki siku kadhaa. Alipoangalia tena, imeongeza, sasa ni wiki kadhaa. Mvua ikapita mlimani, mtandao ukakatika, kazi ikaanza upya, na bando limeliwa lote. Akajaribu tena, ikawa vilevile.

Basi akafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi, akakaa chini akafikiri. Akajiambia: mtandao huu hautabeba mzigo huu, kuungoja ni kujidanganya. Nitatafuta diski mbili za pembeni, zile watu wanaziita eksteno. Moja itakaa hapa, nayo nitaitumia kumwekea baba. Ya pili itakwenda mjini kwa mdogo wangu Namkunda, ili nyumba hii ikipatwa na jambo, sauti zisipotee pamoja nayo. Huko kwa Namkunda mtandao una kasi, yeye ndiye atakayezipandisha juu polepole. Na kila nakala nitaifungua niisikilize, nisije nikatunza boksi tupu nikidhani nimetunza sauti ya mama.

Mnasikia mpango huo? Hauna kasoro. Mtu ameangalia hali yake halisi, akachagua kinachowezekana. Kilichobaki ilikuwa ni kazi ya mchana mmoja. Mchana mmoja, ndugu zangu!

Lakini mambo ya ukoo hayafanywi kimyakimya, ni lazima kaka mkubwa ajulishwe. Kaka yake alikuwa mtu wa mjini, mwenye sauti, mwenyekiti wa ukoo. Nakijwa akampigia. Na simnyimi haki yake huyo kaka, alipoambiwa tu, alinunua. Alinunua diski mbili nzuri, mpya, akaja nazo mwenyewe mpaka mlimani. Nakijwa akamkimbilia getini, hata unga wa ugali haujamtoka mikononi.

"Shikamoo, Kaka. Zimefika?"

"Marahaba, mdogo wangu. Zimefika, na si za mchezo hizi."

"Ahsante, Kaka, Mungu akubariki. Lete basi nianze. Mashine inagonga tangu asubuhi."

Kaka akazirudisha diski kwapani. "Aa, aa! Taratibu. Hiki si kitu cha kufungulia jikoni. Hii ni sauti ya ukoo mzima. Lazima izinduliwe."

"Izinduliwe?"

"Izinduliwe! Tunaita mgeni rasmi, ukoo wote unakuja, utepe unakatwa, mzee anapewa heshima yake angali hai. Au wewe unataka baba yetu atendewe mambo yake kichochoroni kama mwizi?"

Mmeona alivyomkamata? Ametaja heshima ya baba. Ukishamtajia Mwafrika heshima ya baba yake, nani atainua mdomo? Hata hivyo Nakijwa alijaribu. Akasema, "Basi, Kaka, tuzindue moja. Hii nyingine nipe niitumie leo, nawe uniwekee ile ya sherehe."

Kaka akamtazama kama aliyetukanwa. "Yaani mheshimiwa atoke huko alikotoka, aje kuzindua kitu ambacho kimeshatumika? Hiyo ni dharau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Nakijwa. Sikia ninachokuambia."

Akaingia sebuleni, akaziweka diski zote mbili kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai. Akazifunga utepe mwekundu, akafunika na kitambaa cha kudarizi. Alipomaliza akarudi nyuma kidogo, akazitazama, akaridhika. Na kutoka chumba cha pili mashine inasikika, tak, tak, tak.

Hasira yangu inaanzia hapo, na naomba mnivumilie. Kilichohitajika kipo. Kimenunuliwa, kimeshaletwa, kiko hatua chache kutoka kwenye mashine inayokufa. Hakuna kilichopungua isipokuwa mtu mkubwa wa kuja kushika mkasi!

Kamati ikaundwa. Sisi na kamati! Ikawepo kamati ya chakula, na kamati ya mapambo, na kamati ya mapokezi. Likafunguliwa kundi kwenye simu, na kwa kuwa mtandao ni ule mnaoujua, Nakijwa akawa anakwenda kwenye kona ya zizi kusoma shangazi zake wanavyogombana juu ya rangi ya sare. Sare, wapendwa! Sare ya kuzindulia diski! Wengine wanataka kitenge cha bluu, wengine wanasema bluu ilishavaliwa kwenye harusi fulani. Wakapelekana hivyo wiki baada ya wiki. Akatafutwa mshereheshaji. Ikaagizwa keki, na keki yenyewe iwe na umbo la kompyuta. Katika maneno yote yale yaliyoandikwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Jamani, zile sauti zimeshanakiliwa?" Sijui walidhani diski ikifungwa utepe inajaa yenyewe.

Tarehe ikapangwa. Mheshimiwa akapata safari, ikasogezwa. Ikapangwa nyingine. Mheshimiwa akapata kikao, ikasogezwa. Na mle ndani hali inazidi kuwa mbaya. Siku moja mashine ilikataa kuwaka kabisa, Nakijwa akaipigapiga ubavuni huku anaomba, mpaka ikawaka. Mzee siku hiyo alikula wakati chakula kimeshapoa. Nakijwa akakimbilia kwenye kona yake, akapiga simu.

"Kaka, mashine imegoma leo. Nakuomba, niruhusu nifungue hata diski moja."

"Vumilia, mdogo wangu. Mheshimiwa ameshathibitisha."

"Kaka, mheshimiwa ndiye anayemlisha baba?"

Kaka akasema, "Hiyo lugha umeitoa wapi? Unanijibu hivyo mimi?"

Na Nakijwa akaomba radhi. Mmesikia? Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mwenye haki kapiga goti, mwenye makosa kakata simu.

Aliporudi ndani alikwenda moja kwa moja kwenye lile kabati. Akafungua kioo, akaondoa kitambaa, akaichukua diski ya juu. Akaushika ule utepe kwenye ncha. Kuuvuta tu, wapendwa. Kuvuta kidogo, basi. Lakini akawaza shangazi watasemaje, akawaza kaka atakavyosimama mbele ya ukoo aseme, "Huyu ndiye aliyetuaibisha." Akaurudisha utepe ulivyokuwa, akanyoosha kitambaa, akafunga kioo. Nilipokuwa naitunga habari hii nilifika hapo nikataka kumpigia kelele. Fungua, mwanangu! Fungua, watasema mchana, usiku watalala! Lakini tumelelewa hivyo. Tumefundishwa kwamba kumuudhi mkubwa ni dhambi kubwa kuliko kumpoteza anayekutegemea. Na ni nani aliyetufundisha, kama si sisi wenyewe wazazi?

Ikawa mchana mmoja, Nakijwa amekaa na bakuli mkononi, mzee ameshafungua mdomo, simulizi inaendelea. Umeme ukakatika. Ukarudi kwa kishindo, taa ikapasuka, na kutoka kwenye kompyuta kikatoka kimoshi na harufu ya kitu kilichoungua. Mashine haikugonga tena. Ilinyamaza.

Alikwenda nayo kwa fundi, akaenda kwa fundi mwingine, akaenda mpaka mji wa tatu. Kila mmoja aliifungua akatikisa kichwa. Kile kilichokuwa kikishika sauti ndani kilikuwa kimechakaa siku nyingi, na ule umeme ulikimalizia. Hapana kitu cha kuokoa. Akarudi nyumbani, akamkuta baba amekaa mahali pale pale, ameelekeza uso kwenye meza tupu. Akampelekea uji. Mzee akageuza uso. Wakafika mahali pa kumnywesha kwa nguvu, mtu mmoja anashika kichwa na mwingine anashika kikombe.

Nakijwa akampigia kaka yake, akamweleza yote. Nitawaambia alichojibu, na mwenye moyo mwepesi aegemee mwenzake.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bado, Kaka."

"Usimwambie mtu. Kadi zimeshagawiwa na mheshimiwa yuko njiani. Shughuli iko palepale."

"Shughuli ya nini, Kaka? Tunazindua nini?"

"Tunazindua diski."

Na wakazindua! Siku ikafika, turubai likasimamishwa, ukoo ukajaa, na sare zimependeza, lazima niseme kweli. Spika kubwa zikapangwa pande mbili. Mzee akavishwa suti, akatolewa nje, akawekwa meza kuu karibu na mgeni rasmi. Diski zikaletwa juu ya sinia, zinachezewa ngoma. Mheshimiwa akashika mkasi, akakata utepe, akasema maneno yake kwamba kuanzia sasa kumbukumbu za ukoo huu ziko salama. Vigelegele! Kinamama wakasimama, wakarusha kanga juu. Wanashangilia chombo kipya ambacho ndani yake hamna hata kikohozi cha mtu.

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa mtu muungwana, hakujua lolote. Akasema kwa kipaza sauti, "Haya, sasa tuwekeeni tumsikie mzee wetu." Kaka akakohoa, akamkonyeza mshereheshaji, mshereheshaji akafungulia muziki wa harusi. Watu wakaingia uwanjani kucheza, wakasahau.

Mtu mmoja hakusahau. Yule mzee hakuwa ameambiwa kitu, maana watu walishazoea kudhani kwamba asiyeweza kusema hawezi kusikia. Lakini alikuwa amesikia. Alikuwa ameziona zile spika, amemsikia mheshimiwa akisema sauti iwekwe, na kwa siku nyingi hakuwa amemsikia mkewe. Basi mzee akageuza uso kwenye spika, akafungua mdomo.

Akangoja. Muziki wa harusi unapigwa, watu wanacheza, na yeye amefungua mdomo, anangoja. Nakijwa yuko pembeni yake na sahani ya pilau. Akamtazama baba yake, akawatazama wale wanaocheza, na kitu alichokuwa amekimeza muda wote ule kikamtoka. Akachukua kijiko, akapita katikati ya wachezaji mpaka alipo kaka yake, akamshikisha mkononi mbele ya mheshimiwa.

"Kaka, utepe umeshakatwa. Kamlishe baba."

Muziki ukazimwa. Kaka, yule mwenye sauti, akaenda na kijiko chake, akachota pilau, akakipeleka kwenye kile kinywa kilichokuwa wazi. Mzee akamtazama mwanawe, kisha akafunga mdomo.

Basi. Habari yangu imeishia hapo.

Naona mmekasirika. Mama wa pale nyuma amemtaja huyo kaka kwa jina la mnyama, nimekusikia, mama, na sikukatazi. Vijana huku mmetikisa vichwa. Kwaya nao wamenuna. Vizuri. Shikeni hiyo hasira, msiiache ipoe, maana sasa nataka niihamishe.

Hivi sisi ni akina nani katika habari hii? Mwanamume mmoja hapa hajamwambia mkewe ahsante tangu waoane, ameitunza ahsante yake kwa ajili ya jubilei, atasema mbele ya watu. Jubilei! Una hakika gani kwamba atakuwepo? Kuna mtu ana neno la msamaha kwa ndugu yake, liko tayari, amelitunga vizuri, anangoja mazishi ya mtu ili aliseme mbele ya umati. Tunatenda mema, sikatai. Tunanunua, tunachanga. Ubahili si ugonjwa wetu. Ugonjwa wetu ni kwamba wema ukishakuwa tayari tunaufungia kabatini mpaka atokee wa kutazama.

Mtasema, "Mchungaji, hiyo ni mifano tu, sisi hapa hatuna mambo hayo." Eti hamna?

Nimepokewa getini leo kwa tarumbeta. Nimepewa ratiba, iko hapa mkononi. Kipengele cha tisa, baada ya mahubiri na mnada na salamu za wageni: "Mkuu wa Jimbo kuzindua kiti cha magurudumu cha Bibi Eliafye." Na kiti chenyewe kile pale mbele ya madhabahu, kinang'aa, nailoni haijatolewa, kimefungwa utepe mwekundu. Mgeni rasmi ni mimi.

Sasa nimeuliza maswali yangu asubuhi, nilipokuwa nakunywa chai. Kiti hiki kimefika lini? Nikaambiwa, kabla ya mvua za vuli. Kimekaa wapi muda wote huo? Stoo. Kwa nini? "Tulikuwa tunakungoja wewe, Baba Mchungaji." Mvua za vuli zikanyesha zikaisha, masika yakaja, mnaningoja mimi! Na katika masika hayo dada yake Bibi Eliafye, dada tumbo moja, alifariki akazikwa kijiji cha pili tu hapo. Bibi hakwenda kumzika. Mwanawe wa kumbeba alikuwa safarini, na mwanamke wa umri ule hawezi kutambaa kilomita mbili. Alikaa barazani, akasikia kengele ya mazishi ya dada yake kwa mbali. Na stoo hii hapa, na kiti kimo ndani, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda mazishini kwa miguu yake miwili!

Hamsikii haya? Zile hasira mlizommwagia kaka wa Nakijwa zimekwenda wapi?

Na leo hii, leo asubuhi, Bibi Eliafye ameletwa kanisani mgongoni kwa mwanawe. Amebebwa mlangoni, akapitishwa mbele ya kiti chake mwenyewe, na mwanawe ameniambia kwamba mama aligeuza shingo akakitazama, kisha akapelekwa akakalishwa kwenye benchi lile la ukutani, angoje kipengele cha tisa. Mgongo wake hauna pa kuegemea. Amekaa hivyo tangu tulipoanza, na mimi nimehubiri kirefu.

Mkasi huu mlionipa, na kisahani chake chenye maua, nauweka hapa chini. Sikati utepe. Mwenye kutaka kuniona nikikata utepe arudi nyumbani, leo hautakatwa na mtu mwenye cheo. Wewe kijana wa kwaya uliye karibu, ung'oe huo utepe kwa mikono yako, na hiyo nailoni uirarue. Kisukumeni mpaka kwenye benchi la Bibi, msimlete yeye kwenye kiti, kiti ndicho kimfuate. Kinamama wawili mmnyanyue taratibu, mumweke, mumtengenezee miguu. Mkimaliza mumuulize anataka apelekwe wapi, na kama atasema kaburini kwa dada yake, tutatoka wote sasa hivi tumsindikize, na ratiba yenu itatungoja.

Haya, fanyeni. Na asipige mtu makofi.